Keki ya Kumiminwa na Wawili

Nilifika Voi nikakuta nyanya yangu ameshazikwa. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa kazini Nakuru, nikaomba ruhusa, nikapanda gari la kwanza nililolipata, na njia nzima nikawa najidanganya kwamba watanisubiri. Nilijua hawatanisubiri. Kwetu, upande wa mama, mtu akifariki alfajiri basi alasiri yuko chini ya mchanga, awe na mjukuu Nakuru au awe naye Uarabuni. Nilipoingia uani wanawake walikuwa wametandika mikeka, wananipa pole mmoja baada ya mwingine, nami nimesimama na begi begani kama mgeni aliyekosea mlango. Nilitaka kumwona uso tu. Wewe rafiki yangu utanivumilia nikianza na hasira, maana ndiyo niliyonayo, na hii si mara yangu ya kwanza kuona mtu akifika katika ua ule akiwa amechelewa.

Kesho yake mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu, ambaye miaka yote ya utoto wangu aliishi mbali, alianza kupangua jikoni. Akaona juu ya kabati kitu kimefungwa leso, kimefungwa kwa mafundo mawili. "Hebu tazama," akasema. "Sufuria tangu lini ikavishwa leso?" Akafungua. Ilikuwa sufuria ya duara, pana, chini haina hata alama ya moshi, na ndani yake kimelala kipande cha bati kilichokunjwa kingo. Mama mdogo alikigeuzageuza asijue ni cha nini. Mimi nilijua. Niliketi chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni na kulia kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Ngoja nikueleze, maana bila maelezo utadhani nalilia chombo.

Mimi ni mtoto wa nyumba mbili. Baba ni Mdawida, kwao ni mlimani juu ya Mwatate, watu wa kanisa, watu wa migomba na maharagwe na ukungu wa asubuhi. Mama alikuwa Mwislamu wa hapa Voi, ambaye babu zake walitoka pwani. Walioana kwa DC, ofisini kwa mkuu wa wilaya, kwa sababu hakuna imamu wala mchungaji aliyewataka, na harusi yenyewe haikuwa na biriani wala kwaya. Nyumba zote mbili zilinuna. Nilipozaliwa zilinuna kidogo kidogo tu, kama watu wanaotaka kucheka ila wameshajifunga mdomo. Nikawa na nyanya wawili, nyanya wa Voi na nyanya wa mlimani, na hao wawili walikuwa hawajawahi kula sahani moja.

Sababu waliyoitoa ilikuwa nguruwe. Nyanya wa mlimani alifuga nguruwe nyuma ya nyumba, na nyanya wa Voi akasema yeye hawezi kutia mdomoni chochote kilichotoka katika chombo cha nyumba ile. Hakusema kwa matusi. Alisema kwa adabu zake zile za pwani, kila neno limefunikwa kwa sukari, na ndiyo maana liliuma zaidi. Nyanya wa mlimani naye akaapa kwamba hatakula kwa mtu anayemwona mchafu. Basi Krismasi ikija tunapanda mlimani bila nyanya wa Voi, Idi ikija tunakula Voi bila nyanya wa mlimani, na mama yangu katikati, anapika huku, anaosha vyombo kule, na kila upande unamuuliza kwa nini amekonda.

Sijui mama alilipata wapi wazo la keki. Labda aliiona mahali alipokuwa akifanya kazi, kwenye hoteli moja ya watalii hapo barabarani. Ninachojua ni kwamba siku moja alirudi na sufuria mpya, karatasi bado imebandikwa chini, akatangaza mbele ya baba na mbele yangu: hii haitapika kitu kingine, haitakaa nyumba nyingine, na haitaoshwa na mtu ila yeye. Kisha akaenda kwa fundi wa mabati sokoni, naye fundi akamkatia ukuta wa kusimama katikati ya sufuria kutoka debe la mafuta, ukingo umekunjwa usimkate mtu. Fundi aliuliza ni wa kazi gani. Mama akamwambia ni wa kuzuia vita, na fundi akacheka akidhani ni mzaha.

Akawaita wote wawili. Kila mmoja aje na vitu vyake, kwa mkono wake. Nyanya wa Voi alikuja na unga, mayai, iliki aliyoitwanga mwenyewe na maganda ya ndimu aliyoyakwangua hadi vidole vikanukia. Nyanya wa mlimani alishuka na ndizi, zile ndizi fupi nene za huko kwao, zimeiva mpaka ganda limekuwa jeusi. Nyanya wa Voi alizitazama akadhani ameletewa zilizooza. Nikamwona amefungua mdomo, na mama akamkanyaga mguu chini ya meza.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu mambo yote yamelala hapa. Keki ya ladha mbili katika sufuria moja si kazi ya mtu mmoja. Unasimamisha bati katikati, na lile bati halijashikwa na kitu. Ukimimina rojo upande mmoja kwanza, uzito wake unalisukuma, linalala, na rojo linapita chini na kujaza kote. Kwa hiyo lazima wawili wamimine kwa pamoja, huyu huku na huyu kule, kwa mwendo mmoja, na wa tatu ashike bati lisicheze. Na lazima marojo yawe na uzito mmoja. La ndizi ni zito, la iliki ni jepesi, na zito likikutana na jepesi hulala chini yake lote.

Siku ile ya kwanza walisimama na mabakuli yao wakiwa hawatazamani. Mama akawaambia wainue miiko. La iliki lilidondoka haraka, la ndizi likaning'inia.

"Lako jepesi," nyanya wa mlimani akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwambia kitu kisicho salamu.

"Na lako ni ugali," nyanya wa Voi akajibu. Kisha, nadhani kwa sababu aliona uso wa mama, akaongeza: "Haya mwenzangu, mimi ntatia unga, nawe tia maziwa."

Mwenzangu. Neno lilitoka tu, kama linavyowatoka wanawake wa kwao hata wakizungumza na muuza mchicha. Lakini nyanya wa mlimani alilichukua kama zawadi. Tangu siku hiyo hawakuitana kwa jina lingine. Alikuwa akishuka kutoka mlimani, akiwa bado kwenye lango, anaita, "Mwenzangu! Uko?" na ule mkazo wake wa Kidawida, na nyanya wa Voi anajibu kutoka ndani, "Nipo, mwenzangu, pita."

Wakamimina. Mmoja alisema Bismillahi, mwingine akasema kwa jina la Bwana, mama akiwa ameshika bati kwa vidole vyote kumi na kusema, "Pamoja, pamoja, polepole." Kila mmoja alikuwa anatazama bakuli la mwingine asitangulie. Mimi nililala kifudifudi kwenye benchi kuona rojo likipanda pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kisha mama akavuta bati juu, taratibu, bila kupumua, na mstari ukabaki pale umesimama wenyewe, kahawia huku na manjano kule.

Ilikuwa inaokwa uani. Sufuria kubwa yenye mchanga juu ya jiko la makaa, sufuria ya keki ndani yake, kifuniko, na makaa mengine juu ya kifuniko. Voi ina joto lake na upepo wake wa vumbi jekundu, kwa hiyo walilikinga jiko kwa mabati ya zamani na kukaa kando yake wakipepea. Ile harufu ilivyokuwa inatoka, nitakuwa mwongo nikisema naweza kuieleza. Ilianza iliki, halafu ndizi ikaifuata, halafu huwezi kutofautisha tena. Watoto wa jirani walikuja kusimama kwenye ua. Treni ya mizigo ikapita na hakuna aliyegeuka.

Mama alikata keki kwa namna yake. Hakufuata mstari, aliukata kwa kuuvuka, ili kila kipande kiwe na pande zote mbili. Hapo ndipo wale wawili walipomshinda, au walidhani wamemshinda. Kila mmoja alimega kipande chake pale kwenye mpaka, akala upande wake, na upande wa mwenzake akanipa mimi. Nyanya wa Voi alinipa ndizi, nyanya wa mlimani alinipa iliki, na hivyo mimi nilikula keki nyingi kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima. Wakaniita mtoto wa mpakani. Sikuona ubaya, tumbo lilikuwa limejaa.

Ikawa desturi. Krismasi na Idi, kila mwaka, sufuria ileile na bati lilelile. Na mwaka mmoja, nilikuwa nimeshaanza kusoma vizuri, nilikaa kungoja nusu zangu. Nyanya wa mlimani alinipa yangu. Nyanya wa Voi alikuwa anazungumza na baba juu ya bei ya mahindi, anazungumza na kutafuna, anatafuna na kuzungumza, na kipande chake kikaisha chote. Mpaka na ndizi na kila kitu. Hakujua. Au alijua, sitapata kujua. Nilitaka kupiga kelele, "Nyanya, umekula!" lakini mama alinifinya paja, akanitazama na macho yamejaa machozi na kicheko. Nyanya wa mlimani alikuwa ameona pia. Alikuwa ameinama anafuta makombo kwenye kanga yake, anafuta mahali pasipo na makombo.

Nikikumbuka utoto wangu huwa natamani ungeishia hapo.

Mama alifariki mwaka uliofuata, alfajiri, kwa homa ambayo kila mtu alisema ni malaria ya kawaida. Baba alikuwa dereva wa malori na siku hiyo alikuwa mpakani mwa Uganda. Alipigiwa simu, akalia, akasema mzikeni kwa dini yake, nami nakuja. Nyanya wa Voi akamwambia asihangaike kumpigia mama yake kule mlimani, yeye mwenyewe atampelekea habari kwa heshima inayostahili. Na alifanya hivyo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba alifanya hivyo kwa heshima yote.

Simu mlimani ilikuwa moja, ya mwalimu jirani ya nyanya. Nilikuwepo nyanya wa Voi alipompigia. Nimesimama kando yake, nimeshika kanga yake, nimesikia kila neno. Alisema: "Mwalimu, mwambie mwenzangu mwanetu ametutoka alfajiri hii. Mwambie matanga yako hapa kwangu, na siku ya tatu ndiyo mwisho. Mwambie asikose siku hiyo ya tatu, nitamngoja."

Sasa wewe mwenyewe fikiria. Kwa watu wa nyanya wa Voi, matanga huja baada ya kuzika. Maiti anazikwa siku hiyohiyo, kisha watu wanakaa mikekani, na siku ya tatu inasomwa hitima, wanakula, wanaondoa matanga, kila mtu anarudi kwake. Hakusema "tunazika leo" kwa sababu kwake lilikuwa halina haja ya kusemwa, ni kama kumwambia mtu kwamba mchana kuna jua. Alijua pia kwamba kutoka kule mlimani, kwa barabara ile na mvua ile, hakuna atakayewahi alasiri. Alitaka walau mwenzake apewe nafasi yake siku ya mwisho, akae kando yake mbele ya watu.

Kwa watu wa nyanya wa mlimani, matanga ni kabla ya kuzika. Ni kukaa na msiba, kuimba, kuchangishana, kuleta chakula, kungoja jamaa wote wafike, na matanga yakiisha ndipo mnazika. Mwalimu alipeleka ujumbe neno kwa neno. Nyanya wa mlimani akasikia: kuna siku tatu, mazishi ni siku ya tatu, na mwenzangu ananingoja.

Akajiandaa. Alikusanya akina mama wa kanisa. Walishona shada la maua. Wakakodi pikapu, wakapakia mkungu wa ndizi za kupika, gunia la kabichi, maharagwe, na kando, kwenye kikapu chake, kichana cha zile ndizi fupi nene zinazoanza kuiva. Walipofika kona ya mtaa wetu walishuka, wakapanga mistari, wakaanza kuimba kama watu wanaokuja kumsindikiza mtoto wao.

Niliwasikia nikiwa uani. Hitima ilikuwa imekwisha, sahani zinakusanywa, mikeka inakunjwa. Nilikimbia langoni kwa furaha, naam, kwa furaha, kwa sababu sauti ya nyanya wa mlimani ilikuwa juu ya zote na mimi nilikuwa nimeingoja siku tatu. Alikuwa amevaa nguo yake nyeupe ya kanisani na shada mikononi. Alinitazama mimi, akatazama mikeka inayokunjwa, akatazama wanawake wenye mabakuli ya pilau mikononi. Wimbo ukakatika nyuma yake, mwanamke mmoja mmoja.

"Yuko wapi?" akauliza.

Nyanya wa Voi alitoka ndani, macho yamevimba, mikono mbele kumpokea. "Mwenzangu. Siku tatu natazama lango hili."

"Mtoto yuko wapi?"

"Tushamzika, mwenzangu. Siku ileile."

Shada halikuanguka kama linavyoanguka kwenye michezo ya kuigiza. Alilishika tu, akalishika zaidi. "Mumenizikia mtoto bila mimi," akasema. "Mkaniambia nikuje siku ya tatu. Nikuje nione nini? Nikuje nione mkikunja mikeka?"

"Mimi nilikuita matangani kwa heshima! Wakaa siku tatu kwako mlimani, hata mguu hukutia, leo waja na nyimbo mlangoni pangu?"

"Muliona sisi ni wachafu hata wa kuzika."

Baba alikuwa amefika usiku uliotangulia. Alijaribu kusema kitu, na mama yake akamgeukia akamuuliza swali moja, kama ni kweli ni yeye aliyesema mzikeni. Akasema ndiyo. Nyanya wa mlimani aliomba basi aonyeshwe kaburi, na mwanamke mmoja, simjui hata leo na Mungu aniepushe kumjua, akaropoka kwamba wanawake hawaendi makaburini. Hapo ikawa basi. Waligeuka wakapanda pikapu yao. Hakuna aliyeimba.

Chakula waliacha, maana kwao chakula cha msiba hakirudishwi. Mkungu ulipikwa. Kabichi zilipikwa. Lakini kile kichana cha ndizi fupi kilibaki barazani ndani ya kikapu, na hakuna aliyekigusa. Mimi nilikuwa nakitazama kila nikitoka shule. Kwanza kilikuwa cha manjano, kikapata madoa, kikawa cheusi. Rafiki yangu, zile zilikuwa ndizi za keki kabisa, ndizi bora kuliko zote alizowahi kuleta. Nilimwambia nyanya wa Voi, nyanya, zimefika sasa, tumwite. Nilimwambia hivyo jioni nzima. Nilishajipanga, mimi ndiye ningeshika bati, mikono yangu ilikuwa imeshafika. Akaingia ndani, akafunga mlango. Asubuhi nilipoamka mbuzi wa jirani walikuwa wanamalizia maganda.

Mara ya kwanza niliposikia shuleni, sekondari, mtu wa bara akisema anaenda kukesha matanga kabla ya kuzika, nilisimama nikiwa na sahani mkononi. Lilikuwa neno tu. Nyumba yetu ilivunjwa na neno moja ambalo wote wawili walilijua tangu utotoni. Likizo hiyo nilikwenda mbio kwa kila mmoja nikiwa na habari yangu kama mtu aliyegundua dawa. Nyanya wa Voi alisikiliza, akasema, "Matanga ni matanga. Nani asiyejua matanga?" Nyanya wa mlimani alisikiliza, akasema, "Hata mtoto mdogo anajua matanga ni nini." Wote wawili walisema vilevile, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Nilikuwa nimechelewa. Kufikia hapo hasira ilikuwa imeshazoea kukaa ndani ya nyumba, ina kiti chake.

Hawakuitana mwenzangu tena. Walisema "yule". Krismasi nyanya wa mlimani alinipikia keki ya ndizi tupu, Idi nyanya wa Voi alinipikia keki ya iliki tupu, na kila mmoja aliniuliza kwa ujanja, akijifanya anatafuta chumvi, "Na ya yule ilikuwaje?" Nilisema ilikuwa nzuri. Haikuwa nzuri. Zilikuwa kavu zote mbili, na zinakwama kooni. Nami nilizila zote, miaka yote, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa.

Sasa hebu rudi nami kwenye ile sakafu ya jikoni. Mama alipofariki ile sufuria ilihamia kwa nyanya wa Voi, na miaka yote hiyo hakupika kitu ndani yake. Alioka iliki zake kwenye sufuria nyingine, na hii akaivisha leso na kuipandisha juu ya kabati, mahali ambapo mwanamke wa umri wake hafiki bila kupanda kiti. Maana yake alipanda kiti. Angeweza pia kupanda gari hadi Mwatate na kuendelea. Nampenda, Mungu amrehemu, na bado nataka kumuuliza kwa nini kiti kilimwia rahisi kuliko gari.

Siku ya tatu tuliondoa matanga. Nilisaidia kukunja mikeka. Nyanya wa mlimani hakuwa ameambiwa. Baba anaishi Bomeni na mke mwingine na haingii tena katika maneno ya nyumba hizi, na mimi nilikataa kupiga simu. Habari kama hiyo nilishaiona ikipelekwa kwa simu. Nilijiambia nitaipeleka kwa miguu yangu na mdomo wangu, neno lisipotee njiani.

Nikapanda mlimani kesho yake na sufuria ndani ya leso. Mwatate ilikuwa joto, juu kulikuwa na ukungu kama kawaida. Nguruwe hawapo siku hizi, banda limeanguka. Nyanya alikuwa barazani anachagua maharagwe kwa vidole, maana macho yamemwacha. Nikamwamkia kwa Kidawida kama alivyonifundisha, nikakaa miguuni pake, nikamwambia.

Vidole vilisimama. "Mwenzangu?" akasema.

Sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake tangu nikiwa mtoto.

"Wanazika lini, mama?" Huniita mama, ananitazama bila kuniona vizuri. "Nitafute nguo."

"Walishamzika, nyanya. Siku ileile. Hata mimi sikumkuta."

"Na hiyo matanga?"

"Tumeondoa jana."

Aliyasogeza maharagwe kando. Kisha akasema, si kwangu, "Sasa hiyo neno naijua. Na bado nimechelewa."

Nilimwekea sufuria mapajani. Alifungua mafundo, akapapasa ukingo, akapapasa ndani, akafika kwenye bati akalijua. Hakulia. Aliniambia kuna ndizi jikoni, nyeusi, niziponde. Nikaziponda. Akakoroga rojo mwenyewe, akainua mwiko kusikia kama linaning'inia. Kisha akaniambia nishike bati. Nililishika kwa vidole vyote kumi kama mama. Akasema kwa jina la Bwana na kuanza kumimina upande wake.

Alimimina polepole, uso ameuelekeza upande wa pili wa sufuria, kama anayemngoja mtu, asije akamtangulia. Nililishika lile bati kwa nguvu zangu zote. Halikushikika. Rojo lilisukuma, likapita chini, likaanza kuingia upande ule mtupu. Nikasema, "Nyanya, linavuka."

"Liache," akasema.

Tukaoka. Ilipopoa alikata kipande, akakipapasa mpaka akapata katikati, akakimega pale ambapo mpaka ungekuwa, akanipa nusu yangu. Nusu zote mbili zilikuwa ndizi.